Kwa nini programu iliyojengeka jana yagoma leo: mageuzi ya kompaila katika mifumo ya Linux

Tuseme fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko la Kimironko, wilayani Gasabo, analetewa printa kuukuu na mteja anayeishi kwa kuchapa barua za watu na kuwajazia maombi ya Irembo. Kompyuta ya mteja huyo inatumia Linux. Programu ya kuiendesha printa iliandikwa yapata miaka 20 iliyopita, mwandishi wake hapatikani tena, ila msimbo wake ungali kwenye intaneti. Mwaka 2022 fundi aliijenga kwa amri mbili tu. Leo, kwenye toleo jipya la mfumo uleule, amri zilezile zinaishia katika orodha ndefu ya makosa. Hakuna aliyegusa hata herufi moja ya programu ile. Kilichobadilika ni kompaila.

Jambo hili limewafika watu wengi tangu mwaka 2024, kuanzia wanafunzi wa vyuo hadi wasimamizi wa seva, na wengi wao hudhani kompyuta imeharibika au mfumo mpya ni mbovu. Makala hii inaeleza kilichotokea, kwa nini kilifanywa kwa makusudi, na nani anayebeba gharama yake.

Mtafsiri aliyeacha kukisia

Kompaila ni programu inayotafsiri msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa maelekezo ambayo kichakataji cha kompyuta huweza kuyatekeleza. Katika Linux inayotumika zaidi ni GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Baada yake ni Clang. Linux ni mfumo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuujenga upya. Kwa hiyo kila toleo jipya la Debian, Ubuntu au Fedora ni maelfu ya programu zilizopitishwa tena kwenye kompaila. Kompaila ikibadili msimamo, programu zote hizo huhisi.

Sehemu kubwa ya programu hizo imeandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo mashine zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na waandishi walipenda ufupi. C ikawaruhusu kuacha mambo kadhaa bila kuyasema. Mwandishi asipotaja aina ya kitu, kompaila ilichukulia kuwa ni nambari kamili. Akiita fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina na kazi yake, bila kuitambulisha kwanza, kompaila ilichukulia kuwa ipo mahali fulani na kwamba jibu lake ni nambari kamili pia.

Sisi tunaotafsiri habari kila siku tunamfahamu mtafsiri wa namna hii. Akikuta neno asilolijua huweka analolidhani, na sentensi ikasomeka vizuri kabisa. Madhara huonekana siku mtu anapoitegemea sentensi ile kufanya uamuzi.

Kanuni rasmi za lugha ya C zilizotolewa mwaka 1999 ziliziondoa ruhusa hizo mbili. Hata hivyo kompaila hazikuzifuata kikamilifu. Zilitoa onyo, kisha zikaendelea kukisia kama zamani, kwa kuwa msimbo wa kale ulikuwa mwingi mno na kuukataa kungesimamisha kazi za watu. Onyo ambalo halizuii kazi halisomwi. Mistari ya maonyo ilipita kwenye skrini miaka nenda miaka rudi, programu zikajengeka, na waandishi wapya wakajifunza kutoka kwa wazee kwamba mistari hiyo haina neno.

Clang ndiyo iliyotangulia kubadilika miongoni mwa kompaila hizo mbili za Linux. Toleo lake la 16, la Machi 2023, liligeuza maonyo hayo kuwa makosa yanayosimamisha ujenzi. GCC ilifuata katika toleo la 14, lililotoka tarehe 7 Mei 2024, nayo ikaongeza makosa mengine: kuchanganya nambari kamili na anwani ya kumbukumbu, na kutumia anwani ya kitu cha aina moja mahali pa anwani ya kitu cha aina nyingine. Kati ya kanuni za 1999 na siku hiyo ilikuwa imepita miaka 25.

Nambari ya nyumba bila jina la barabara

Kwa nini kukisia kuwe na hatari kiasi hicho? Mkazi wa Kigali anaweza kulielewa jibu kupitia mitaa yake. Mahali penye barabara moja tu, ukimwambia dereva wa pikipiki «nyumba namba 14», anafika. Mji ukikua, ukawa na barabara za KG huku Gasabo, KK kule Kicukiro na KN Nyarugenge, namba 14 peke yake haimfikishi popote. Au, vibaya zaidi, inamfikisha kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Ndivyo ilivyo kwa kumbukumbu ya kompyuta. Kila kitu ndani yake kina anwani. Katika kompyuta za biti 32, anwani na nambari kamili vilikuwa na urefu uleule, kwa hiyo kompaila ilipodhani kimakosa kwamba jibu la fanksheni ni nambari kamili ilhali lilikuwa anwani, hakuna kilichopotea. Kisio lilikuwa la uongo lakini halikumdhuru mtu. Kompyuta za leo ni za biti 64. Anwani imerefuka maradufu, na nambari kamili imebaki na biti 32. Kisio lilelile sasa linakata nusu ya anwani na kuitupa. Programu huenda ikafanya kazi asubuhi, kwa bahati kwamba nusu iliyokatwa ilikuwa sifuri tupu, kisha ikaanguka jioni. Au inaandika juu ya data isiyohusika, na hapo ndipo wavamizi wa kompyuta hupata mlango.

Kwa hiyo kompaila inapomgomea fundi wetu, mara nyingi inamwonyesha kasoro iliyokuwamo tangu siku programu ilipoandikwa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, uamuzi wa GCC ulikuwa sahihi na ulichelewa. Lakini usahihi huo haumpatii mteja printa yake, na ni rahisi kuusifu ukali wa kanuni ukiwa na kikosi cha wahandisi wa kukurekebishia msimbo.

Kosa lisilopiga kelele

Ujenzi unaokwama mbele ya macho ya fundi ni shida ndogo. Shida kubwa ni ujenzi unaofanikiwa huku ukiwa umekosewa.

Programu nyingi za zamani, kabla ya kujengwa, huendesha hati ya kuichunguza kompyuta. Hati hiyo huandika vijiprogramu vidogo vya majaribio, kimoja baada ya kingine, na kumpa kompaila. Kikijengeka, hati huandika kwamba uwezo fulani upo: mfumo unaweza kufunga faili lisiandikwe na watu wawili kwa pamoja, unaweza kutumia njia salama ya kunakili maandishi, na kadhalika. Kisipojengeka, hati huandika kwamba uwezo huo haupo na kuendelea na safari.

Vijiprogramu hivyo vya majaribio vyenyewe viliandikwa kwa mtindo wa kale. Vingi havitaji aina ya fanksheni kuu, vingine huita fanksheni ya kumaliza kazi bila kuitambulisha. Kompaila mpya inavikataa vyote kwa sababu ya uandishi wao, ilhali uwezo unaotafutwa upo. Hati haijui tofauti. Inaandika «haupo», na programu inajengwa bila sehemu hiyo, bila kosa hata moja kwenye skrini. Mtumiaji anapata programu yenye jina lilelile na nambari ileile ya toleo, lakini pungufu.

Hili ndilo lililowafanya wahandisi wa Fedora kuanza mapema. Wakiongozwa na Florian Weimer wa kampuni ya Red Hat, walitumia kompaila iliyotengenezwa mahususi kuweka kumbukumbu ya kila mahali ambapo kanuni mpya zingegonga, ikiwemo ndani ya majaribio hayo ya kimyakimya, kisha wakarekebisha programu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilihitajika kabla ya Fedora 40, iliyotoka tarehe 23 Aprili 2024 ikiwa tayari na GCC 14 ya majaribio. Watu wa Gentoo, mfumo ambao watumiaji wake hujijengea karibu kila kitu wenyewe, walikuwa wakiifanya kazi ileile kwa ajili ya Clang, na pande hizo mbili zikabadilishana marekebisho.

Debian ilijenga upya hazina yake na kufungua taarifa za hitilafu kwa kila kifurushi kilichoshindwa. Kanuni ya Debian haina huruma nyingi: kifurushi kisichojengeka, na asipatikane wa kukirekebisha, huondolewa katika toleo linaloandaliwa. Baadhi ya programu hazina mwenyewe. Hapo ndipo mtu wa mbali, asiyejua kwamba kuna mjadala wowote, anaposasisha kompyuta yake na kukuta programu aliyoizoea haimo tena. Debian 13, yenye GCC 14, ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Kwa upande wa Ubuntu, toleo la 24.04 linalotumiwa na wengi lilikuja na GCC 13, ambayo bado ni mpole. Kwa hiyo wako watumiaji ambao mabadiliko haya watayaona tu watakapohamia toleo jipya zaidi.

Hata Torvalds alikwama

GCC 15, ya tarehe 25 Aprili 2025, ilileta badiliko la aina nyingine. Mwandishi asipotaja anafuata kanuni za mwaka gani, kompaila hiyo huchukulia anafuata zile mpya zinazoitwa C23. Chini ya kanuni hizo, neno «bool» limekuwa neno maalumu la lugha, na programu zilizokuwa zimejitengenezea «bool» yao wenyewe zinagongana nalo. Aidha mabano matupu baada ya jina la fanksheni, ambayo zamani yalimaanisha «sijasema inapokea nini», sasa yanamaanisha «haipokei chochote». Alama ni zilezile, maana imegeuka.

Asidhani mtu kwamba mambo haya huwapata wasio na ujuzi tu. Mwezi huohuo Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, alihamia Fedora 42 iliyokuwa na GCC 15. Kompaila ikaanza kuonya kuhusu baadhi ya orodha za herufi ndani ya kiini cha Linux ambazo hazikuwa na alama ya kumalizia maandishi. Yeye hujenga kwa mpangilio unaogeuza kila onyo kuwa kosa, kwa hiyo kazi ilikwama. Alifanya marekebisho ya haraka na kuyaingiza katika toleo la majaribio la 6.15-rc3. Marekebisho hayo yakaridhisha kompaila yake mpya, lakini yakawaharibia ujenzi baadhi ya waliokuwa na kompaila za zamani. Kees Cook, mmoja wa wahandisi wa usalama wa kiini, alilalamika waziwazi: alikuwa na marekebisho yaliyopangwa vizuri zaidi yakisubiri zamu yao.

Mpangilio huo wa kugeuza onyo kuwa kosa unastahili kuangaliwa na kila anayesambaza programu. Ni nidhamu nzuri ndani ya karakana ya mwandishi mwenyewe. Ukiuacha ndani ya msimbo unaowapa watu, unawakabidhi bomu la saa, kwa sababu kila kompaila mpya huja na maonyo mapya ambayo hukuyajua ulipokuwa ukiandika.

Mashine za watoto wa shule

Rwanda ina mfano wake wa kipekee, ingawa huu unahusu maelekezo yanayotoka kwenye kompaila, si msimbo unaoingia. Kuanzia mwaka 2008 nchi hii ilikuwa miongoni mwa washiriki wakubwa wa mpango wa One Laptop per Child, na kompyuta zaidi ya 200,000 ziligawiwa kwa shule za msingi. Shule ya Kagugu, humuhumu Gasabo, ilijulikana sana kwa watoto wake waliobeba vile vikompyuta vya kijani na vyeupe. Vilitumia mfumo uliotokana na Fedora.

Modeli ya kwanza, XO-1, ilikuwa na kichakataji cha AMD kiitwacho Geode, chenye mwendo wa megahezi 433 na kumbukumbu ya megabaiti 256. Kichakataji hicho kinakosa elekezo moja ambalo karibu wenzake wote wa kizazi chake wanalo: elekezo refu la kutofanya kitu. Ndiyo, lipo elekezo linaloiambia mashine isifanye chochote. Hutumika kujazia nafasi ili maelekezo mengine yakae mahali pazuri. Zana za kisasa za kujengea programu hulitoa bila wasiwasi. Geode ikilikuta, programu inakufa papo hapo.

Kwa miaka mingi Debian iliendelea kuzijali mashine hizo. Debian 11, ya mwaka 2021, ilikuwa ya mwisho kufanya hivyo. Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023, ilitangaza kuwa elekezo hilo sasa ni la lazima, na maelezo yake rasmi yakaitaja Geode kwa jina. Fedora ilikuwa imekwisha kuacha kutoa mfumo kamili wa biti 32 tangu toleo la 31, mwaka 2019. Mtu akiokota XO-1 stoo ya shule leo, ikawaka, atalazimika kubaki na programu za zamani, maana programu mpya hazijengwi tena kwa ajili yake. Si rahisi kumlaumu yeyote: hakuna mradi wa kujitolea unaoweza kushikilia kichakataji cha zamani milele. Ila inafaa kukumbukwa kwamba waliokuwa na mashine hizo kwa wingi hawakuwa kwenye meza ya uamuzi.

Fundi afanye nini

Kwanza asome kosa la juu kabisa, si la mwisho. Yanayofuata mara nyingi ni mwangwi wa lile la kwanza. Likisema fanksheni haijatambulishwa, dawa ya kawaida ni mstari mmoja unaotaja faili la utangulizi ambamo fanksheni hiyo imeorodheshwa. Ukurasa wa mwongozo wa fanksheni hiyo ndani ya Linux hulitaja faili hilo juu kabisa. Aina isiyotajwa huandikwa. Kosa linalohusu anwani za aina tofauti linahitaji utulivu zaidi, kwa kuwa huenda ndilo linaloonyesha kasoro halisi.

Ipo njia ya mkato. GCC 14 inakubali chaguo la «-fpermissive», linalorudisha makosa hayo mapya kuwa maonyo. Linafaa kwa kazi ya dharura, na mara nyingi huponya pia yale majaribio ya kimyakimya. Lakini linarudisha pia kisio la zamani pamoja na nusu ya anwani inayokatwa, hivyo lisitumike kwa programu inayoshika fedha au kumbukumbu za wagonjwa. Kwa GCC 15, programu inayogombana na C23 hujengeka kwa chaguo la «-std=gnu17», na hili halina hatari ya namna hiyo; linaiambia tu kompaila msimbo uliandikwa kwa kanuni za enzi ipi.

Njia nyingine ni kutumia kompaila ya zamani. Debian na Ubuntu huruhusu matoleo kadhaa ya GCC kukaa pamoja katika kompyuta moja. Wanafunzi wenye programu za utafiti zilizoachwa na waliowatangulia watafanya vyema kuandika, ndani ya faili la maelezo, toleo la kompaila lililotumika. Ni mstari mmoja, na humwokolea anayefuata siku nzima.

Kisha marekebisho yasiishie kibandani. Kama programu ina mwenyewe, apelekewe. Kama haina, Debian na Fedora hupokea taarifa za hitilafu kutoka kwa yeyote, na kifurushi kilichoondolewa kwa kukosa kujengeka kinaweza kurejeshwa mtu akijitokeza na mstari uliokosekana. Taarifa iwe na mambo matatu: toleo la kompaila, kosa la kwanza kama lilivyoandikwa, na marekebisho yenyewe.